Daraja Langu la Sukumawiki

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuisambaza video ya safari yetu ya miguu ya Jumamosi, niliyowaongoza watu kwa ramani niliyoichora mwenyewe, na tangu jana naitwa "Mhandisi" hata na makanga wa matatu za Ngong, ni afadhali mnisikie mwenyewe.

Karatasi ya ramani niliyoichora upya ni ya Survey of Kenya, ya skeli ya 1:50,000. Niliiskani, nikaipachika kwenye kompyuta kwa kufuata latitudo na longitudo zilizochapishwa kwenye pembe zake, kisha nikaifuatiza mito na njia hadi saa nane usiku. Kontua, yaani mistari ya mwinuko wa ardhi, nilizipata katika data ya rada iliyokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Nilipoziunganisha, mto ukaonekana ukipanda kilima. Msicheke bado. Kwa busara zangu, nikazifuta kontua, kwa sababu zilikuwa zinaniharibia ramani.

Jumamosi alfajiri, nje kidogo ya Ngong, ukungu ukiwa umetanda hata mtu haoni viatu vyake, niliwaongoza watu saba huku macho yangu yakiwa kwenye kifaa cha GPS chenye ramani hiyo. Mshale ulipoligusa daraja, niliinua mkono, wakasimama. Nikawaeleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba daraja hilo ni la zamani, kwamba huenda mvua ya usiku imelifunika kwa maji, na kwamba kila mtu avue viatu, akunje suruali na avuke peke yake. Wakavua. Nikatangulia nikipapasa kwa fimbo, hatua ya kwanza, ya pili, matope baridi yakipenya baina ya vidole na majani mapana yakinigusa magoti. Nikawageukia, nikasema, "Ni magugumaji tu, msiogope." Nilikuwa katikati kabisa ya mto niliposikia sauti mbele yangu:

"Wewe kijana, unatafuta nini kwenye sukuma yangu?"

Hapo mwenye akili angeomba radhi. Mimi nilimwonyesha kioo cha kifaa. "Pole mama, lakini hapa pana daraja."

Akakitazama, kisha akaitazama miguu yangu. "Daraja liko kule. Hapa ni kwangu tangu nilipoolewa."

Ukungu ulipopungua tuliliona, kavu, mvulana akilivusha mbuzi. Karatasi ile hufuata datamu, yaani msingi wa kupimia mahali, ya Arc 1960, nami nilikiambia kifaa kuwa ni WGS84, ile ya GPS. Hapa kwetu kosa hilo huhamisha kila kitu mita 300 hivi. Jambo hilo limeandikwa chini ya karatasi, sehemu ambayo sikuiskani.

Sukuma tuliyoikanyaga niliilipia kwa M-Pesa. Jana mama alinitumia ujumbe, anauliza daraja lake litafunguliwa lini.