Bando la Mwalimu Nalo ni Mchango

Wiki tatu zilizopita tuliitwa kwenye semina ya siku moja, sisi walimu wa shule za msingi sita za kata, na ilipofika saa nane mchana, chai ya saa nne ikiwa imeshasahaulika na chakula hakijafika, mwezeshaji alitugawia karatasi yenye anwani 42 za tovuti na programu. Juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba hizo ndizo zana muhimu za kidijiti kwa mwalimu wa karne ya 21. Mama mmoja anayefundisha Darasa la Kwanza, ambaye amebakiza mwaka mmoja astaafu, aliinua mkono na kuuliza kwa upole kama zinakula bando.

"Zote ni bure kabisa, mama," alijibu mwezeshaji.

"Bure kwa nani, mwanangu?"

Tulicheka, naye akacheka, kisha tukageuza ukurasa. Lakini swali lile lilinikaa kooni. Niliporudi nyumbani nilichukua kaunta buku, nikachora safu nne, na kwa siku kumi na mbili nikawa ninafungua anwani hizo moja baada ya nyingine, kwa simu yangu na kwa bando langu, nikiandika kila nilichokikuta.

Anwani 11 ama hazikufunguka ama zilitaka namba ya kadi ya benki kabla hazijanionyesha chochote. Anwani 7 zilidai baruapepe ya shule, kana kwamba shule yetu, ambayo hata kibao chake cha barabarani kimeandikwa kwa brashi na fundi wa kijijini, ina baruapepe. Anwani 19 hazikuwa na neno hata moja la Kiswahili, na humo nilikutana na wimbo wa theluji, zoezi la kupaka rangi majira manne ya mwaka kwa watoto wanaojua masika, vuli na kiangazi, na somo la hesabu ambalo mwanafunzi anatakiwa kujumlisha sarafu za Kimarekani hadi zitimie dola moja. Nina mtoto darasani ambaye kila asubuhi kabla ya kengele ameshauza maandazi ya bibi yake na kurudisha chenji bila kukosea hata shilingi hamsini. Sijui dola itamwongezea nini. Zilibaki anwani 5, na safu ya mwisho ya kaunta buku, ile ya gharama, ilionyesha kwamba zimenitoka shilingi 14,000.

Sisemi kwamba mtandao hauna kitu cha kumfaa mwalimu wa msingi. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, nami nikiwa na Darasa la Tatu, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ilinisaidia kupita kiasi, kwa sababu niliweza kukaa usiku na kusoma kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuandika azimio la kazi. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, vimewafundisha watoto wetu hisabati na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili ambacho ni cha kwetu kweli, wala si Kiswahili cha kutafsiriwa usiku wa manane. Vishikwambi navyo tumepewa, vile vilivyozunguka nyumba kwa nyumba wakati wa Sensa ya Agosti 2022, na asiyeshukuru kwa kidogo watu wanamjua. Hayo yote nayakubali.

Ila niruhusiwe kueleza kwa kirefu kitu kimoja kilichofanya kazi darasani kwangu, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Katika zile anwani 5 ilikuwamo African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za watoto ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile za maneno ya kwanza hadi ndefu za kusomewa na mwalimu, nazo zimo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Leseni yake inaruhusu kunakili, kuchapa, kutafsiri na hata kubadilisha hadithi, mradi waandishi wake watajwe. Nilipakua hadithi moja fupi, kila ukurasa una picha na sentensi moja au mbili. Steshenari ya sokoni ingenitoza fedha ambayo sikuwa nayo kwa nakala za watoto 96, kwa hiyo nilifanya tunachofanya walimu siku zote: niliomba mifuko ya saruji kwa fundi aliyekuwa akikarabati choo cha shule, nikaikung'uta, nikaipasua, nikaigeuza upande safi, na kwa kalamu ya wino mzito nikanakili kurasa zote huku simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe. Picha alinichorea mwanafunzi wa Darasa la Saba kwa malipo ya chapati mbili. Mhusika mkuu nilimhamisha kutoka mjini, nikamweka kwenye mlima unaoonekana dirishani kwetu, kwa kuwa leseni inaniruhusu.

Asubuhi iliyofuata niliitundika hadithi ile ukutani kwa misumari. Kuna kijana wangu mmoja, nitamwita Juma ingawa siye Juma, ambaye tangu Darasa la Kwanza amekuwa akisimama kwenye silabi za "mwa, mwe, mwi" kama gari lililokwama kwenye tope. Alisogea hadi karatasi ikagusa pua yake, akaweka kidole chini ya neno "mwewe", akalitamka kimoyomoyo mara mbili, kisha akalisema kwa sauti, na kabla hajageuka kuniangalia alikuwa ameshaingia kwenye neno lililofuata. Kwenye karatasi ile kulikuwa bado na vumbi la saruji, nalo likambaki kidoleni. Faili lile nililipakua mara moja tu na sijalilipia tena tangu siku hiyo, na watoto 96 wamelisoma bila mtandao na bila kishikwambi. Mvua ilinyesha, umeme ukakatika, nao wakaendelea kusoma.

Kwangu mimi, hicho ndicho chombo cha kidijiti cha mwalimu wa msingi. Kinaingia mara moja, kinatoka kwenye skrini, kinafika ukutani, na kinabaki hapo bando likishaisha. Hizo nyingine zinazodai mtandao kila dakika mwalimu anapotaka kuzitumia, huyo mwalimu ndiye anayezilipia kila dakika, na neno la kweli la malipo ya namna hiyo sote tunalijua. Ni mchango.

Mwishoni mwa mwaka 2015 ulitoka Waraka wa Elimu Namba 5, na tangu Januari 2016 mzazi hadaiwi ada wala michango ya lazima katika shule ya msingi ya serikali. Uamuzi ule niliupigia makofi na ningeupigia tena leo. Badala yake shule zinapata ruzuku ya uendeshaji, inayokadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikienda kwenye vitabu. Ruzuku hiyo inaninunulia chaki. Sijawahi kusikia Mwalimu Mkuu akimwambia mwalimu ajinunulie chaki kwa kuwa yeye ni mwalimu wa kisasa. Lakini bando, ambalo sasa ninatakiwa kuandalia masomo kwalo, kusomea mafunzo kazini kwalo na kutuma taarifa kwalo, hilo ninajinunulia, na nikiuliza ninatazamwa kama mtu anayedai posho ya kupumua. Nilipiga hesabu kwenye ile kaunta buku: siku 194 za masomo ni kama wiki 39, na bando dogo la shilingi 2,000 kwa wiki linafika shilingi 78,000 kwa mwaka. Tuliwafutia wazazi michango kwa haki kabisa, kisha tukaipenyeza kwenye mfuko wa mwalimu bila waraka wala risiti.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba walimu haohao wanaolia bando wanaonekana TikTok hadi saa sita za usiku. Ndiyo, wanaonekana, na mmoja wao ni mimi. Bando la usiku nalinunua kwa mshahara wangu na nalichezea nitakavyo. Daktari naye anatazama mpira kwa king'amuzi chake, wala hajaambiwa aende wodini na sindano aliyojinunulia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yake haihitaji fedha nyingi. Afisa Elimu Kata wetu ana pikipiki na kila wiki anapita shuleni. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri pale halmashauri akipakua mara moja hadithi, vipindi na vitabu vinavyoruhusiwa kunakiliwa, akavitia kwenye flashi, akampa Afisa Elimu Kata, na kila shule ikanakili kwenye kompyuta yake au kwenye kadi za memori za walimu, basi pikipiki ile itakuwa mtandao wenye kasi kuliko wowote tulio nao hapa, na haitaniuliza salio. Programu ya Kiwix itakuletea Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya kadi ya memori. Programu ya Kolibri, ambayo imetengenezwa mahususi kwa shule zisizo na intaneti, inakaa kwenye kompyuta moja na vishikwambi vingine vinasoma kutoka humo. Inahitaji mtu wa kuisimika, nakiri, na siku ikigoma utaitafuta shida yake hadi jasho likutoke.

Na sisi watu wa mkoa wa Tanga ndio tungetakiwa kuwa wa mwisho kuambiwa kwamba haiwezekani. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio yake hapahapa, katika vijiji karibu 170, ambako watoto karibu 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, wakajifunza wenyewe bila mtandao huku wakichaji kwa umeme wa jua. Mwezi Mei 2019 programu za Kitkit School na onebillion zikatangazwa washindi kwa pamoja, na programu zikaachwa wazi ili atakayetaka azichukue na kuziendeleza. Watoto wa Tanga ndio waliopimiwa, zawadi ya mamilioni ya dola ikatolewa huko Marekani, na katika karatasi ya anwani 42 iliyogawiwa kwa walimu wa Tanga hakuna hata moja kati ya hizo mbili. Wimbo wa theluji upo.

Kuhusu wale wanaouza maandalio ya somo kwenye makundi ya WhatsApp kwa shilingi 3,000, yakiwa na majina ya shule nyingine yaliyosahauliwa kufutwa, sina la kuongeza zaidi ya kuwatakia Mthibiti Ubora, yaani mkaguzi wa shule, mwenye miwani mizuri. Akili mnemba nayo nimeijaribu: niliiomba andalio la Kiswahili la Darasa la Tatu, ikaniandikia kwa sekunde chache, likiwa nadhifu kuliko langu, na kwenye sehemu ya zana ikaweka "kompyuta moja kwa kila mwanafunzi". Nilifuta, nikaandika "mifuko ya saruji".

Semina nyingine imepangwa mwezi ujao, na tangazo linasema kila mwalimu aje na kishikwambi kilichojaa chaji na kilichounganishwa na intaneti. Nitakwenda nacho kikiwa kimejaa chaji. Badala ya intaneti nitabeba flashi, nitaiweka mezani mbele ya mwezeshaji, na nitamwomba kwa heshima zote anitilie humo hizo zana zake za bure.