Beseni la kufulia

Niliambiwa bata hasumbuliwi na kideri kama kuku, na mimi kideri kilishanimalizia kuku wote, basi nikanunua vifaranga 15 wa bata, wa siku mbili, walioanguliwa kwa mashine. Boksi la tivii, maranda chini, taa ya wati 100 kwa juu. Joto wiki ya kwanza digrii 32 hivi ila kipimo sina, yule muuzaji akasema we waangalie wenyewe tu, wakijibanza chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kona wanahema midomo wazi ujue unawachoma. Hapo nilifaulu kabisa, nisiseme uongo.

Shida ni maji jamani. Bata hanywi, anachezea, anatumbukiza mdomo, anaenda kwenye chakula, anarudi kuuosha kwenye maji, ndani ya lisaa limoja maranda yote yamekuwa uji na nyumba inanuka kama sokoni.

Siku ya tatu, Jumapili jioni, wife katoka na watoto, nikawaza hawa si ndege wa maji, mbona nawatesa? Nikachukua beseni lake la kufulia nikajaza maji ya bomba nusu, nikawamwaga wote. Wakaogelea vizuri sana, nikarekodi nikaweka status. Hata sijamaliza kuandika maneno nikaona mmoja anazama, mkia kwanza, taratibu kama jahazi bovu. Kumbe kifaranga wa mashine manyoya yake bado hayajapata mafuta ya kuzuia maji, yananyonya kama sponji, na ukuta wa beseni unateleza hawezi kupanda.

Nikawaopoa wote wanatetemeka, wembamba kama tambi. Nikachukua drayer ya wife, nikaanza kuwakausha mmoja mmoja, nipo wa sita, paap, giza. Uniti za LUKU zimeisha, na salio kwenye simu mia nne.

Sasa nifanyeje? Nikavua shati, nikawapanga wote 15 tumboni, nikajifunga khanga ya wife kwa juu, nikakaa kwenye kochi na tochi ya simu, wananidonoa kitovu huku nawabembeleza.

Hodi.

Mama mkwe. Alikuwa aje Jumanne kutoka Tanga, kapata lifti. Kuinuka siwezi maana wataanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akamulika tochi yake. Tumbo linacheza. Tumbo linalia. Akasogea akasoma khanga taratibu kwa sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kimya. "Baba, unaumwa nini?"

Kabla sijajibu kichwa kimoja cha njano kikachomoza juu ya fundo.

Yule mama aliweka begi chini, hakucheka hata kidogo (alicheka baadaye, kwa simu, na ukoo mzima). Akachemsha maji kwenye gesi, akajaza chupa mbili, akazifunga vitambaa akaziweka kwenye boksi, vifaranga wakazilalia kama mama yao. Sahani ya maji akaijaza kokoto, mdomo upite mwili usipite. Hakufa hata mmoja.

Wife aliporudi alinikuta nimepiga magoti nakung'uta khanga, akauliza swali moja tu, beseni langu limefanya nini hapa sebuleni.