Mionzi kwa mgonjwa aliyebakiza wiki chache

Mgonjwa wa saratani iliyosambaa akifariki ndani ya siku 30 baada ya kupigwa mionzi ya kumpunguzia maumivu, je, alisumbuliwa bure? Uingereza vifo hivyo huhesabiwa kama kipimo cha ubora wa huduma. Nairobi nasi tuvihesabu, ila tujue hesabu hiyo inatuambia nini.

Wanaoitetea hesabu hiyo wana hoja nzito. Maumivu ya mifupa huweza kuchukua wiki kadhaa kutulia baada ya mionzi, na siku za mwanzo wengine huumia zaidi. Mwenye siku kumi za kuishi atapata nini? Utafiti wa QUARTZ, uliochapishwa 2016, ulihusu wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu iliyofika kwenye ubongo. Nusu ya waliopangiwa mionzi walikuwa wamefariki kufikia wiki 9.2, kwa waliopewa steroidi (dawa za kupunguza uvimbe kwenye ubongo) na matunzo tu, wiki 8.5. Hata hali yao ya maisha haikutofautiana sana.

Halafu kuna safari. Mama anatoka Machakos kwa matatu, anashuka mjini, anapanda nyingine hadi Hospitali ya Kenyatta. Akishafika, alale chali kwenye meza ngumu ya mashine bila kusogea, na nyonga ndiyo hiyo inayomuuma. Kesho arudi tena.

Lakini tarehe ya kifo haisemi kama damu ya mwenye saratani ya mlango wa kizazi ilikatika, au kama aliyebanwa uti wa mgongo na uvimbe wa saratani aliweza kwenda msalani mwenyewe hadi mwisho. Isitoshe, madaktari mara nyingi hukadiria kwamba mgonjwa ataishi zaidi ya anavyoishi. Hospitali inayoogopa takwimu zake itaanza kuwakataa walio dhaifu kabisa, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Kwa maumivu ya mifupa yasiyo na matatizo mengine, dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) hutuliza sawa na dozi kumi zinazogawanywa kwa wiki mbili. Tofauti ni kwamba wa dozi moja huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi baadaye, jambo lisilo na uzito kwa aliyebakiza wiki chache. Kwa nini basi tumzungushe wiki mbili? Apigwe mara moja, aondoke na mofini siku hiyo hiyo, na aunganishwe na hospisi, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nairobi Hospice imekuwapo tangu 1990. Na kwenye faili, kando ya tarehe ya kifo, iandikwe pia kama maumivu yalipungua, na ni siku ngapi alizotumia njiani kuja kutibiwa.