Damu ya kaa tunaimwaga bure

Huku Moshi bahari hatuna ila kaa tunao, wapo kwenye mito inayoshuka toka mlimani na kwenye mifongo (mifereji ya asili) ya mashambani, watoto wanawachokoa na vijiti. Kaa akivunjika mguu hatoi damu nyekundu, linatoka jimaji karibu halina rangi, likipigwa na hewa linaanza kuwa na kaubluu kwa mbali, muda si mrefu limeganda. Hiyo ndo damu yake.

Ubluu unatokana na shaba. Sisi hewa inabebwa na hemoglobini yenye chuma, kaa na kamba wanatumia protini inaitwa hemosianini yenye shaba, na hiyo protini haishii kubeba oksijeni tu, wanasayansi wamekuta ikikatikakatika vipande vyake vinaua bakteria na fangasi. Kumbuka kaa hana kingamwili kama zetu, hatunzi kumbukumbu ya ugonjwa kama sisi tukichanjwa, anaishi kwenye tope lililojaa vijidudu na silaha zake ziko humo humo kwenye damu. Kwa kamba wa kufugwa walishapata kundi zima la protini ndogo za kujikinga, penaeidini, toka mwaka 1997.

Sasa kwa nini linanikera hili? Kwa sababu antibaiotiki zinatuishia mkononi. Mtu anaumwa koo anaingia duka la dawa ananunua amoksilini za buku, anameza siku mbili akipata nafuu anaacha, zinazobaki anampa mtoto, na bakteria waliobaki ndo wale sugu. Mwaka 2019 pekee usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Kwa hiyo chanzo chochote kipya cha dawa mi nakiangalia kwa heshima, hata kama kinatembea upande upande.

Na jamani asitokee mtu akaanza kuuza supu ya kaa kama tiba. Ukiila hiyo protini tumbo linaisaga kama nyama nyingine yoyote, hakuna kinachofika kwenye kidonda wala mapafu, na hapo ndo ugumu wa kuigeuza dawa ulipo, pamoja na kuhakikisha haidhuru seli za mgonjwa mwenyewe. Ila inawezekana kutoka na kitu, hemosianini ya konokono mmoja wa pwani ya California imetumika miaka mingi kwenye utafiti wa chanjo, na damu ya kaa farasi (yeye ki ukoo yuko karibu na buibui kuliko kaa) Marekani walishaikubali toka 1977 kupimia kama dawa za sindano zina sumu ya bakteria.

Tengeru pale Arusha tuna Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Nelson Mandela, hapa Moshi tuna hospitali ya KCMC inayopokea vidonda sugu vya kanda nzima. Kazi ya kuanzia haihitaji mabilioni, unavuta damu kwa sindano kwenye shina la mguu wa kaa, unaizungusha kwenye mashine itengane, unaidondoshea kwenye sahani yenye bakteria wa kidonda, kesho yake unaangalia kama kuna duara safi wasipoota. Kama upo masters na unatafuta topiki, chukua hii, na wenye hela za utafiti naomba mumpe huyo mwanafunzi.