Kila Fani Ina Nyama Mbichi Yake

Mwanafunzi anayejiandaa kuingia chuo kikuu husikia sauti mbili: moja humwambia achague kozi yenye ajira, nyingine humwambia aufuate moyo wake. Mimi nipo karibu zaidi na sauti ya pili, lakini naona kwamba ushauri huo hutolewa nusu, kwa sababu moyo wa kijana wa miaka 18 mara nyingi umependa jina la fani na sura yake ya nje kabla ya kuijua kazi yenyewe.

Wahenga waliosema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi walituachia kipimo bora kuliko madodoso mengi ya vipaji. Kila fani ina nyama mbichi yake, yaani ile sehemu isiyo na ladha wala makofi, ambayo ndiyo hujaza sehemu kubwa ya siku. Anayependa sheria kwa ajili ya hoja kali za mahakamani atakuta kwamba mawakili wengi hushinda mezani wakisoma na kuandika mikataba, wakipima neno moja dhidi ya jingine. Anayevutiwa na kuunda programu za kompyuta atatumia saa nyingi akisaka kosa moja katika maandishi ambayo pengine hakuyaandika yeye. Mwandishi wa habari hungoja, hupiga simu zisizopokelewa, na huhakiki majina na tarehe kabla ya kuiamini sentensi yake mwenyewe. Ndiyo maana ningependa kijana aulizwe ni kazi ipi ambayo hata uchovu wake anaweza kuubeba bila kusukumwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Mwaka 1825, akiwa na miaka 16, baba yake, ambaye alikuwa daktari, alimpeleka Edinburgh kusomea udaktari. Enzi hizo wagonjwa walipasuliwa bila dawa ya usingizi. Darwin alihudhuria upasuaji mara mbili, mara moja ukiwa wa mtoto, na mara zote mbili alikimbia kabla haujakwisha. Baadaye alipelekwa Cambridge ili aje kuwa kasisi, na huko nako kilichomteka kilikuwa nje ya darasa: kukusanya mbawakawa. Siku moja, akiwa ameshika mbawakawa mmoja katika kila mkono, alimwona wa tatu wa aina ngeni, akamtia mmoja kinywani ili apate mkono wa kumkamata huyo, na mdudu akamtolea majimaji makali yaliyomchoma ulimi. Hakuacha kukusanya. Miaka mingi baadaye, kati ya 1846 na 1854, alichunguza viumbe vidogo vya baharini vinavyojibandika kwenye miamba na merikebu, akawachoka kiasi cha kulalamika katika barua, lakini kazi akaikamilisha. Kijana aliyeshindwa kuvumilia chumba cha upasuaji hakuwa mvivu, kama baba yake alivyohofu. Alikuwa bado hajafika kwenye kazi yake.

Hapa lakini pana mtego, nami nauogopa. Mtu anaweza kuyasoma haya, akakutana na hesabu ngumu katika muhula wa kwanza, akahitimisha kwamba fani hiyo haikuwa yake. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Greg Walton walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoamini kuwa shauku ni kitu kilicho tayari, kinachongoja kugunduliwa tu, hupoteza hamu haraka zaidi somo linapokuwa gumu kuliko wale wanaoamini kuwa shauku hukuzwa. Kushindwa kwa sababu hujajua bado ni jambo moja, na hupungua kadiri unavyojifunza. Kuchukia kazi hata baada ya kuiweza ni jambo jingine, na hilo ndilo la kusikilizwa.

Kuhusu fedha, simlaumu mzazi anayeuliza kama kozi italipa, kwani karo na mikopo ni mizigo ya kweli. Ninachopinga ni kuchagua kwa mshahara peke yake kazi ambayo mtu ataifanya kwa miongo kadhaa.

Kabla ya kujaza fomu, mtafute mtu anayeifanya kazi unayoitamani, na badala ya kumuuliza amefanikiwaje, mwombe akusimulie siku yake ya jana, tangu saa ya kwanza kazini hadi alipofunga mlango. Kisha uangalie mtaala wa mwaka wa mwisho, maana ule wa mwaka wa kwanza hufanana katika kozi nyingi. Msikilize vizuri anapofika kwenye sehemu zinazomchosha, na ujiangalie wewe mwenyewe: je, bado unataka kumuuliza swali jingine?