Gari Langu Lasema Nimechoka

Leo asubuhi gari langu dogo, ambalo deni lake bado sijalimaliza, limeniarifu kwamba nimechoka. Lilichora kikombe kwenye dashibodi, likalia kwa upole, likanishauri nisimame nipumzike. Naomba niulize kwa heshima zote: katika maisha haya tunayoyajua sote, ni nani ambaye hajachoka? Mimi nikipumzika kila ninapochoka, deni la gari hilo litalipwa na kikombe? Kabla hasira haijanishuka nikakwepa shimo, na usukani ukanivuta kunirudisha shimoni, kwa sababu nilikuwa nimevuka mstari mweupe bila kuwasha indiketa, na kwa gari la kisasa mstari ni sheria lakini shimo ni bahati yako.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya mambo haya yameandikwa kabisa: tangu Julai 2024 kila gari jipya sharti liwe na mitambo ya kumwonya dereva anayezidisha mwendo, ya kumwonya anayesinzia na ya kumrudisha anayetoka kwenye njia yake. Sina ugomvi na kinachookoa roho za watu. Ugomvi wangu ni kwamba niliponunua gari hili niliahidiwa raha ya kuendesha, nikapewa msimamizi.

Jirani yangu, mzee mwenye gari la misuli la Kimarekani la mwaka 1969, yaani gari la kawaida lililotiwa injini kubwa kupita kiasi, alinikuta nikijibizana na dashibodi, akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Kijana wangu," akasema, "gari lisilokutoa jasho, utajuaje kwamba uliliendesha?" Kisha akanikabidhi ufunguo, ufunguo hasa, wa chuma na wenye meno.

Kuliwasha gari hilo ni ibada yenye utaratibu wake. Unakanyaga mafuta mara mbili ili kabureta ipate kunywa, unageuza ufunguo, unangoja, na mzee anainua kidole kukuzuia usiseme. Silinda nane zikaamka moja baada ya nyingine, si zote kwa nia moja, boneti ikatikisika, na mshale wa petroli ukaanza kushuka kabla hatujaondoka. Klachi ilinidai mguu mzima. Usukani ulikuwa kama barua: unatuma, unangoja majibu, na pengine majibu yanayokuja ni ya swali jingine. Nilipokanyaga mafuta, springi za nyuma zikajikunja, makalio ya gari yakachuchumaa, pua ikapanda mpaka nikawa natazama mawingu, na sifichi kwamba nilicheka kwa sauti. Tulikuwa katika mwendo ambao gari langu lingeuona ni wa kuegeshea.

Ikaja kona. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, cha ngozi bandia inayoteleza, na mkanda wa kiunoni ulikuwa umeshastaafu. Nilikata kushoto, gari likatafakari, mimi nikahamia kulia mpaka begani kwa mzee, nikaimaliza kona hiyo nikiwa nusu dereva na nusu abiria. Breki ni za dramu magurudumu yote manne: mara ya kwanza zinashika, mara ya pili zinasitasita, na zikishapata moto zinakuacha wewe na Mungu wako.

"Kanyaga mapema," mzee akaniasa.

"Mapema kiasi gani, mzee wangu?"

"Jana."

Ili kunituliza akanikumbusha kwamba chini ya boneti mna nguvu za farasi zaidi ya 300. Kwa adabu nikamweleza kwamba kabla ya mwaka 1972 watengenezaji wa Marekani walitangaza nguvu za injini iliyopimwa ikiwa peke yake, bila sailensa ya gari wala mizigo mingine inayobebwa barabarani, kwa hiyo baadhi ya farasi hao hawakuwahi kutoka kiwandani. Hakunisemesha tena mpaka tulipofika kwenye taa.

Hapo pembeni yetu kikasimama kigari kidogo cha kisasa, mama kwenye usukani na watoto nyuma. Taa ikawaka kijani, mzee akanipiga gotini: "Moto!" Nikaachia klachi, matairi ya nyuma yakapiga yowe, moshi ukatufunika, injini ikanguruma hata ndege wakahama mti, na moshi ulipotawanyika tukaona kile kigari kimeshafika mbali, na mtoto kwenye kioo cha nyuma anatupungia mkono. Sidhani kama mama yule alijua kwamba kulikuwa na mashindano.

"Wamefika," mzee akasema, akijifuta jasho, "lakini nani amewasikia?"

Kwa hesabu hakuna ubishi. Toyota GR Yaris, gari dogo la kimichezo, iliyotoka mwaka 2020 ina injini ya lita 1.6 na silinda tatu tu, na katika toleo la Ulaya ilitoa farasi 261. Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoanzisha wazimu huu wa magari ya misuli, ilihitaji lita 6.4 ili idai farasi 325 kwa kipimo kile kile cha kujisifu. Dogo linashika kona, linasimama unapotaka, halinywi petroli kwa uchungu. Lakini gari la mzee linanitia hofu tamu nikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ilhali langu, ili linitie hofu hiyo, itanibidi kwanza nitafute wakili. Mtaniambia basi ninunue la zamani. Na petroli mtanichangia?

Kinachoniudhi zaidi ni maigizo. Yako magari madogo yanayotoa mngurumo wa injini kupitia spika, yaani injini inaimba na kanda. Langu lina kitufe cha mwendo wa kimichezo: ukikibonyeza, dashibodi inageuka nyekundu, usukani unakuwa mzito, na gari ni lile lile. Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976 ilikuwa na farasi 110 na uzito wa kilo mia nane na ushei, na watu waliipenda kupita kiasi. Leo jina limebaki, uzito umepita kilo 1,300, na toleo la mwaka 2025 haliuzwi tena na gia za mkono. Handibreki nayo imekuwa kitufe. Heri GR Yaris iliyobakiza wenzo wake wa kuvuta.

Na tairi la akiba mmelipeleka wapi? Katika buti la mzee limo zima, na nafasi inabaki ya kulala watu wawili wasioelewana. Katika langu nimekuta chupa ya gundi na pampu ndogo. Nimesoma maelekezo: ukishaziba tairi, usizidi kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo gari lenyewe, likiwa na matairi yote mazima, tayari linanipigia kelele.