Mazishi ya Usiku Siaya na Kiti cha Mtaalamu

Aprili 2020, kijijini Siaya, mtu aliyefariki kwa Korona alizikwa usiku wa manane ndani ya mfuko, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Picha zilienea kwenye simu. Huku Nyanza maiti hurudishwa nyumbani ikakeshewa, ikaimbiwa, ikaagwa, na wengi walikata shauri siku hiyo: wataalamu hawa hawatujui.

Uchungu ule ulikuwa wa haki. Lawama ndiyo iliyobisha mlango usio wake. Tangu Machi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulisema maiti kwa kawaida haiambukizi, isipokuwa ya kipindupindu au homa za kuvuja damu kama Ebola na Marburg. Ukaonya pia dhidi ya kuzika harakaharaka. Kwa hiyo elimu ilikuwepo, lakini aliyeshika sepetu ni hofu. Naamini angekuwepo pale bingwa mmoja wa magonjwa ya kuambukiza, mwenye kauli ya kumzidi afisa, familia ingengoja kuche.

Mei 2021 kirusi cha Delta kikagunduliwa Kisumu. Hata hivyo, tarehe 1 Juni Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa papa hapa, uwanjani Mamboleo, na katikati ya mwezi uo huo kaunti 13 za ukanda huu zikawekewa kafyu ya saa moja jioni.

Wanaowapinga wataalamu wana hoja nzito hapo. Mama anayeuza omena kando ya barabara mtaani Nyalenda, hapa Kisumu, hupata wateja kuanzia saa kumi na mbili, watu wakitoka kazini. Kafyu ilimwachia saa moja tu ya kupima gorogoro na kufunga gunia, na omena iliyobaki ndiyo karo ya mtoto. Daktari aliyesomea virusi hakufundishwa kuipima hasara hiyo, wala si haki kumtwika uamuzi huo peke yake.

Mimi nasema atueleze ugonjwa unavyopita kati ya mtu na mtu, aeleze mapema, tena hadharani. Cha kufunga na cha kuacha wazi kiamuliwe mezani akiwepo yeye, mchuuzi na mzee wa kijiji. Kisian, karibu na Kisumu, tuna maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kenya, iliyopima sampuli za Korona. Kutoka hapo hadi baraza la chifu ni mwendo wa matatu. Mwongozo wa mazishi ungeweza kusomwa pale kwa Kijaluo kabla ya kaburi la kwanza kuchimbwa.